Maneno ya Kiingereza Yaliyochakaa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya nimeyapata kwa miaka mingi kutoka kwa watu wa aina tatu: wanafunzi waliokwama kwenye tamthilia za Shakespeare, wasomaji wa Biblia ya Kiingereza ya King James, na makarani wanaoletewa mikataba ya ardhi iliyoandikwa kana kwamba Malkia Victoria bado yu hai. Wapo pia wanaouliza kwa udadisi tu, na hao ndio ninaowapenda zaidi. Pengine nimejibu kirefu, pengine kwa mkato, kadiri swali lenyewe lilivyo.

Neno lililochakaa ni lipi, na lililokufa ni lipi?

Kamusi za Kiingereza hutenganisha mambo mawili. Kuna neno ambalo hakuna anayelisema sokoni, ila bado linaeleweka na huibuka kwenye sala, ushairi au utani, kama "thou", "behold" na "betwixt". Hilo limechakaa. Halafu kuna neno lililozikwa kabisa, ambalo hata Mwingereza msomi huenda kulitafuta kwenye kamusi, kama "overmorrow" au "eme". Kamusi kubwa ya Oxford, ambayo sehemu yake ya kwanza ilitoka 1884 na kazi nzima ikakamilika 1928, haifuti neno hata likifa. Huliwekea alama ndogo inayofanana na msalaba, kama kaburi, na kuliacha lilale hapo.

Kwangu mimi lipo kundi la tatu, na ndilo la hatari. Ni neno linalotumika kila siku, lakini maana yake ya zamani imekufa ikaachwa ndani ya vitabu. Neno geni hukusimamisha, ukafungua kamusi. Neno unalolijua hukupitisha bila kukushtua, ukaenda zako na maana isiyokuwamo. Kwa hiyo usishangae nikitumia muda mwingi kwa maneno mepesi kama "let" na "corn" kuliko kwa yale marefu ya kutisha.

Je, Kiingereza cha Shakespeare ndicho Kiingereza cha Kale?

Hapana, ingawa kosa hili limeenea mpaka madarasani. Wataalamu wanaposema Kiingereza cha Kale wana maana ya lugha iliyosemwa tangu karne ya 5 mpaka karibu mwaka 1100, lugha ya shairi la Beowulf, ambayo Mwingereza wa leo hawezi kuisoma bila kufundishwa kama lugha ya kigeni. Kikafuata Kiingereza cha Kati mpaka karibu 1500. Shakespeare alizaliwa 1564 akafa 1616, na lugha yake ni hiki hiki Kiingereza cha sasa kikiwa bado kijana. Ndiyo maana kinatuhadaa: sehemu kubwa tunaielewa, na iliyobaki tunaibahatisha.

"Thou" na "thee" ni maneno ya heshima kwa Mungu?

La. Hili ndilo swali ninaloulizwa zaidi na waumini, na jibu huwashangaza. "Thou" ni wewe, mtu mmoja. "Ye" ni ninyi. William Tyndale alipochapisha Agano Jipya kwa Kiingereza mwaka 1526, na watafsiri wa King James walipofuata nyayo zake 1611, walitaka msomaji aone pale maandiko yanaposema na mmoja na pale yanaposema na wengi. Mungu ni mmoja, kwa hiyo ni "Thou". Shetani naye, akiwa peke yake, anaambiwa "thee". Hata punda wa Balaamu, bwana wake alipomfokea, aliitwa "thou".

Katika maisha ya kila siku mambo yalikuwa kinyume kabisa na heshima. Mkubwa aliambiwa "you", yaani wingi, kama Wafaransa wanavyosema "vous". Ndugu zetu wa Kongo na Burundi waliosoma Kifaransa wanaijua vizuri adabu hiyo. "Thou" ilibaki kwa mtoto, mtumishi, mpenzi, rafiki wa kufa na kuzikana, na adui unayetaka kumshusha hadhi. Mwaka 1603, katika kesi ya uhaini ya Sir Walter Raleigh, mwendesha mashtaka Edward Coke alimtupia maneno haya: "I thou thee, thou traitor". Alikuwa amelifanya "thou" kuwa kitenzi: nakuita "thou" makusudi, msaliti wee. Kiswahili hakina chombo hicho, kwani heshima yetu hukaa kwenye shikamoo na kwenye kumwita mtu baba, shangazi au mzee. Lakini sikiliza tofauti iliyopo kati ya "Karibu, mama" na "We mwanamke!" ndipo utajua Raleigh alipigwa wapi.

Kwa kuwa kila mtu aliogopa kumkosea mwenzake, "you" ikasambaa mpaka kwa watu wa chini, na kufikia mwisho wa karne ya 17 "thou" ilikuwa imetoweka kwenye mazungumzo ya kawaida ya mjini. Waliogoma ni Waquaker, wale wale ambao Kenya ya magharibi inawajua kwa jina la Kanisa la Marafiki. Wao walisema binadamu wote ni sawa, wakamwambia kila mtu "thou" na "thee", hata hakimu, na baadhi yao walipigwa kwa sababu hiyo.

Nitajuaje pa kuweka "-est" na "-eth"?

Shika viambishi vyetu. "-est" hufanya kazi ya u-, na "-eth" hufanya kazi ya a-. "Thou goest" ni unaenda. "He goeth" ni anaenda. Wale wanaochekesha mitandaoni kwa kubandika "-eth" kila mahali, wakaandika "I goeth", wamesema "mimi anaenda". "Thy" na "thine" zote ni -ako. Ya pili huja mbele ya irabu, kama "thine eyes".

Juliet anaposema "wherefore art thou Romeo", anamtafuta Romeo yuko wapi?

Hamtafuti. "Wherefore" ni kwa nini. Romeo yuko pale chini bustanini anasikiliza, ingawa Juliet hajui. Anacholalamikia msichana ni jina: kwa nini wewe uwe Romeo, mtoto wa ukoo tunaohasimiana nao, na si kijana mwingine yeyote? Ukisoma mistari inayofuata utaona anamsihi alikane jina lake. Michezo mingi ya shule humwonyesha Juliet ameweka kiganja juu ya macho akichungulia gizani. Walimu, tafadhali.

Ni maneno gani ya Biblia ya King James yanayowapotosha watu zaidi?

Hapa ndipo Mswahili ana bahati ambayo hata Waingereza hawana. Biblia yetu ya Union Version, iliyokamilika 1952, ilitafsiriwa na watu waliojua maana za zamani. Kwa hiyo ukikwama kwenye Kiingereza, fungua Kiswahili.

Chukua "prevent". Waraka wa kwanza kwa Wathesalonike, sura ya 4, unasema walio hai "shall not prevent" waliolala. Msomaji wa leo anaona "kuzuia" na kujiuliza nani angewazuia wafu wasifufuke. Kiswahili kinasema "hatutawatangulia". Ndiyo maana ya asili, kwa sababu neno limetoka Kilatini na lilimaanisha kuja kwanza. Anayekuja kwanza huweza kuziba njia, na hapo ndipo maana ya leo ilipozaliwa.

"Let" limegeuka kichwa chini miguu juu. Leo ni kuruhusu. Katika waraka wa pili kwa Wathesalonike, sura ya 2, "he who now letteth" ni "yuko azuiaye sasa". Kwa kweli ni maneno mawili tofauti yaliyogongana sauti yakawa pacha, na lile la kuzuia likafa. Halikufa lote, hata hivyo. Pasipoti ya Uingereza bado inaomba mwenye nayo aruhusiwe kupita "without let or hindrance", bila kizuizi wala kipingamizi. Katika tenisi nayo, mpira ukigusa wavu wakati wa kuanzisha, mwamuzi husema "let".

"Suffer" ya "suffer the little children" haina mateso ndani yake. Ni "waacheni watoto wadogo waje kwangu". "Quick" katika "the quick and the dead" si wepesi wa mbio. Ni walio hai. "Meat" ni chakula chochote, hata cha mboga. "Ghost" ni roho, na "gave up the ghost" Waswahili tumeitafsiri kwa usahihi usio na mfano: akakata roho.

"Corn" ina kisa chake. Wana wa Yakobo walishuka Misri kununua "corn", na watoto wengi waliosoma hadithi hiyo kwa Kiingereza wanawaona na magunia ya mahindi. Haiwezekani. Mahindi yalitoka Amerika, na hayakuvuka bahari mpaka baada ya safari ya Columbus ya 1492. "Corn" ni punje, nafaka yoyote, na Biblia yetu imesema nafaka. Hata "corned beef" ya makopo haina uhusiano wowote na mahindi. Punje zilizokusudiwa ni za chumvi iliyotumika kuihifadhi nyama.

Ninalolipenda kuliko yote ni "conversation". Waraka wa kwanza wa Petro, sura ya 3, unawaambia wake kwamba waume wasioamini wanaweza kuvutwa "without the word" kwa "the conversation of the wives". Nimewahi kumsikia mhubiri, aliyekuwa akisoma Kiingereza na kufafanua kwa Kiswahili, akiwahimiza akina mama wazungumze na waume zao usiku na mchana. Waume waliokuwapo hawakuonekana kufurahi. Neno hilo zamani lilikuwa mwenendo, namna mtu anavyoishi, na ndivyo Biblia yetu isemavyo: "wavutwe kwa mwenendo wa wake zao, pasipo lile Neno". Petro alikuwa anashauri ukimya.

Kuna "peculiar people", ambalo leo lingekuwa watu wa ajabu, watu wenye kasoro fulani. Kiswahili ni "watu wa milki ya Mungu". Asili yake ni neno la Kilatini la mali ya mtu binafsi, nalo lilitoka kwenye neno la ng'ombe, maana zamani mali ilikuwa mifugo. Mmasai hahitaji kuelezwa zaidi. "Fee" nayo, karo hiyo hiyo inayotunyima usingizi kila Januari, katika Kiingereza cha Kale ilikuwa ng'ombe.

Na Zaburi ya 121. Kiingereza kinasema nitainua macho yangu kwenye milima "from whence cometh my help", na wengi husoma kana kwamba msaada unatoka milimani. "Whence" ni kutoka wapi. Kiswahili kimeweka swali waziwazi: "Msaada wangu utatoka wapi?" Jibu liko mstari wa pili, na si mlima.

Nimalize na tini za Yeremia, sura ya 24. King James inaziita "very naughty figs", tini tundu sana. "Naughty" ilikuwa -bovu kabisa, -baya, kabla haijawa neno la kumkanya mtoto aliyemwaga uji.

Ni kweli Waingereza hawakuwahi kuwa na neno la mjomba?

Walikuwa nalo, wakalipoteza. Katika Kiingereza cha Kale "eam" alikuwa ndugu wa mama, mjomba hasa, na ndugu wa baba alikuwa "faedera". Shangazi alikuwa "fathu". Dada wa mama, yaani mama mkubwa au mama mdogo, alikuwa "modrige". Kwa ufupi, mkulima wa Kiingereza wa mwaka 900 angeketi barazani Lamu au Bagamoyo na kueleza ukoo wake bila kuchanganya watu.

Kisha Wanormani kutoka Ufaransa wakaivamia Uingereza mwaka 1066, na Kifaransa kikawa lugha ya ikulu, mahakama na wenye mali. "Uncle" na "aunt" zikaingia, zikafuta yote manne. "Eam" iliendelea kwa umbo la "eme" kwa watu wa kaskazini na Skoti, halafu nayo ikazimika. Kichekesho ni kwamba "uncle" yenyewe, ukiifuata mpaka Kilatini, ilikuwa "avunculus", na huyo alikuwa ndugu wa mama tu. Kwa hiyo kila mtoto anayesema "uncle" leo, hata akimwita kondakta wa daladala, anasema "mjomba" bila kujua.

Wanafunzi wakiniuliza kwa nini neno hufa, huwapa mfano huu kwanza. Mara nyingine neno hufa kwa sababu kitu chenyewe kimetoweka, lakini wajomba hawakutoweka. Walikuwa wamejaa Uingereza nzima. Kilichobadilika ni nani mwenye nguvu na anaongea lugha gani.

"Overmorrow" ni neno la kweli?

Ni la kweli, na maana yake ni keshokutwa. Limo katika Biblia ya Coverdale ya 1535. Mwenzake ni "ereyesterday", juzi. Kiingereza kiliyaacha yote mawili, na sasa Mwingereza akitaka kusema keshokutwa hana budi kusema "the day after tomorrow", maneno manne kwa kazi ya moja. Sisi tuna keshokutwa, halafu mtondo, halafu mtondogoo, ingawa hayo mawili ya mwisho nayo yanaanza kupata kutu. Jaribu kumwambia fundi wa Dar es Salaam akuletee kabati mtondogoo uone atakavyokutazama.

Waingereza wa zamani walihesabu kwa usiku. "Sennight" ni usiku saba, wiki, na limekufa. "Fortnight" ni usiku kumi na nne, na li hai Uingereza na kwetu, ila Wamarekani wengi hawalitumii.

Nimeona mtandaoni orodha ya maneno mazuri yaliyosahaulika. Niyaamini?

Kwa tahadhari. Orodha hizo huchanganya vitu vinne tofauti kama pilau isiyochambuliwa mchele.

Kuna maneno yaliyotungwa na wasomi, yasiyowahi kusemwa na mtu. "Apricity", joto la jua wakati wa baridi, limo katika kamusi ya Henry Cockeram ya 1623, na nje ya kamusi halijulikani kuwa na maisha. Zama hizo waandishi walikuwa wakifua maneno kutoka Kilatini kwa mamia, na wapinzani wao wakayaita maneno ya pembe ya wino, kwa sababu wino uliwekwa kwenye pembe ya mnyama. Mengine yalikubalika, mengi yakafa kabla hayajabatizwa. Lakini tazama: Waingereza walipohitaji jambo hilo walikwenda kuazima Roma, na hapa kila mzee wa Mbeya au Limuru anayetoka nje asubuhi ya Julai na kigoda chake anajua anachofanya. Anaota jua.

Kuna maneno ya Kiingereza cha Kale yanayoorodheshwa kana kwamba bibi yako angeweza kuyasikia. "Uhtceare" ni moja, wasiwasi unaomkesha mtu kabla ya alfajiri. Ni neno zuri mno, nami nalifahamu usiku wa kuamkia siku ya kulipa kodi ya nyumba. Limeandikwa mara moja tu katika maandiko yote yaliyosalia, ndani ya shairi la mwanamke aliyetengwa na mumewe.

Kuna ya lahaja. "Groak" ni la Waskoti, kumkodolea macho anayekula ukitumaini atakukaribisha. Sisi tunamwita mdoezi na hatuoni ajabu yoyote.

Na kuna mizimu, maneno yasiyokuwapo kabisa. Maarufu ni "dord". Kamusi ya Webster ya 1934 ililitaja kuwa neno la kifizikia, maana yake densiti. Chanzo chake kilikuwa kikaratasi cha ofisini kilichosema kwamba densiti hufupishwa kwa herufi D kubwa "or" d ndogo, na mtu akaziunganisha herufi hizo zikawa neno. Mhariri aliligundua kosa 1939. Kwa muda wote huo kamusi iliapa kwamba neno lipo.

Kwa nini mikataba ya wanasheria bado inasema "witnesseth" na "hereinafter"?

Kwa sababu wakili hunakili mkataba uliokwisha kushinda mahakamani, aliyeuandika huo alinakili wa mwalimu wake, na hivyo hivyo mpaka Uingereza ya kale. Kubadili neno ni kujitafutia kesi. "Witnesseth" ni "-eth" ile ile tuliyoiona: mkataba huu unashuhudia. "Aforesaid" ni -liotajwa hapo juu. "Hereinafter" ni kuanzia hapa na kuendelea, na tafsiri nzuri ni "ambaye katika mkataba huu ataitwa".

Ya kuangalia sana ni "know all men by these presents". Miaka yangu ya kwanza ya kutafsiri, nikiwa na haraka na bila mtu wa kunisomea, niliandika "watu wote na wajue kwa zawadi hizi". Hati ilikuwa ya kuuza shamba. Mnunuzi alitaka kujua zawadi ziko wapi. "Presents" hapo ni hati hii yenyewe, iliyopo mbele yako.

Na "time immemorial", tunalotafsiri "tangu zamani za kale", katika sheria ya Uingereza si zamani isiyojulikana hata kidogo. Ni kabla ya mwaka 1189, Richard wa Kwanza alipoanza kutawala. Bunge liliuweka utawala wake kuwa mpaka mwaka 1275 ili kesi za ardhi zisirudi nyuma bila kikomo.

"Ye Olde" kwenye mabango ya baa za Uingereza husomwaje?

Husomwa "the". Kiingereza kilikuwa na herufi moja ya sauti ya dh, kama ya "dhahabu", iliyoandikwa þ. Katika mwandiko wa mkono ilifanana na y. Uchapaji ulipofika, William Caxton akiwa wa kwanza Uingereza mwaka 1476, herufi za chuma zilitoka Bara la Ulaya ambako þ haikujulikana, na wachapaji wakaweka y mahali pake. Hii "ye" haina uhusiano wowote na "ye" ya ninyi.

Kuna maneno yaliyokufa ila mfupa wake umebaki ndani ya msemo?

Mengi. "Shrift" ilikuwa maungamo mbele ya kasisi. Aliyehukumiwa kifo na kupewa "short shrift" alipewa dakika chache za kuungama kabla ya shoka, na leo bosi akikupa "short shrift" hakukusikiliza kitu. "Petard" ilikuwa bomu dogo la kuvunjia lango la ngome. Anayerushwa na lake mwenyewe ni yule aliyechimba kisima akaingia mwenyewe. Jina la kifaransa la silaha hiyo linatokana na kitenzi cha kujamba, jambo ambalo mwalimu wangu wa fasihi alilificha kwa miaka miwili. "Eke" ilikuwa pia, nyongeza. "An ekename" ni jina la nyongeza, na ulimi ukaihamisha n ya mwanzo, ikawa "a nickname".

Kiswahili nacho kina mifupa. Tunasema "aso mwana aeleke jiwe", na kijana wa leo hajui kueleka ni nini, ingawa mtoto wake yumo ndani ya mbeleko. Kueleka ndiko kubeba mgongoni.

Kiswahili kimehifadhi maneno ya Kiingereza yaliyochakaa?

Naam, na hili ndilo swali ninalongoja kuulizwa. Meli ya vita tunaiita manowari. Hiyo ni "man-of-war", jina walilotumia mabaharia wa Uingereza enzi za matanga. Waingereza wenyewe sasa husema "warship", na ukiwatajia "man-of-war" wengi watamfikiria kiumbe wa baharini anayechoma kama kiwavi. Meli yenyewe ni "mail", barua, kwa sababu vyombo hivyo vya moshi vilikuja na mifuko ya posta. Motokaa ni "motor car", neno ambalo London limebaki kwa wazee na wenye magari ya maonyesho.

Kwa kipimo cha bahari tulikutana bila kuazimana. "Fathom" ya Waingereza asili yake ni mikono miwili iliyonyooshwa, na pima yetu ni hiyo hiyo. "Twain" ni neno la kale la mbili. Waendesha meli wa mto Mississippi walipopiga kelele "mark twain" walisema kina ni pima mbili, maji salama, na Samuel Clemens, aliyewahi kuwa rubani wa meli huko, akalifanya jina lake la uandishi mwaka 1863.

Neno refu kuliko yote ni lipi?

Huulizwa na watoto, nami, nikiyaacha ya kitaalamu ambayo mengine ni marefu zaidi, hujibu "floccinaucinihilipilification", herufi 29, limeandikwa tangu 1741, maana yake kukiona kitu hakina thamani. Halina kazi nyingine ila kujibu swali hili.

Nitumie maneno haya kwenye insha ya mtihani?

Usitumie.

Nimepata kitabu cha zamani mtandaoni na maneno hayamo kwenye kamusi yoyote. Nifanyeje?

Huenda si maneno mageni, ni tahajia. Kabla ya karne ya 17 kufika katikati, u na v zilikuwa herufi moja kwa maumbo mawili: v iliwekwa mwanzoni mwa neno na u katikati. "Loue" ni "love", "haue" ni "have", "vpon" ni "upon". I na j nazo hivyo hivyo, kwa hiyo "Iohn" ni John. Halafu kuna s ndefu, ſ, iliyotumika mwanzoni na katikati ya neno mpaka karibu 1800. Inafanana mno na f, na mashine zinazosoma picha za vitabu huikosea kila mara. Ukiona "bleffed" au "Paradife", badilisha f kuwa s na ujaribu tena. Na ukikutana na neno "fuck" katika kitabu cha mahubiri cha mwaka 1700, ni mtoto ananyonya.